Tambo, mkwara na tusi: ombi kwa dawati la michezo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji. Najua barua hii ni ndefu kupita kawaida ya ukurasa huo. Ikibidi uipunguze, punguza popote, ila sehemu ya bondia Benny Paret na sehemu ya yule binti ninayemfundisha uziache zilivyo, kwa sababu hizo mbili ndizo zilizonishikisha kalamu.

Mimi ni kocha wa ngumi. Kazi yangu kubwa iko kwenye kona: kufunga bandeji mikononi, kushika ndoo na sponji, na katika dakika moja ya mapumziko kumwambia bondia wangu jambo moja tu atakaloweza kulikumbuka kengele ikilia. Siku ya pambano chumba cha kubadilishia nguo hakikosi gazeti. Kijana mmoja husoma kwa sauti, wengine wamelala chali kwenye mabenchi wakingoja zamu zao. Kwa hiyo ninaposema neno la gazeti humwingia bondia mwilini, nasema kitu nilichokiona. Nimewafunga bandeji vijana waliotoka kusoma habari zao, na mikono ya aliyesoma jambo la kumchoma haifungiki vizuri. Hatulii.

Neno ninaloandikia barua hii ni tambo. Katika kurasa za michezo, za gazeti lako na za mengine, kila anachosema bondia mbele ya kinasa sauti siku ya kupima uzito huitwa tambo. Akisema atashinda, ni tambo. Akisema atamvunja mwenzake taya, ni tambo. Akimtukana mwenzake mama yake, kabila lake au ugonjwa wake, habari itaandikwa kwamba "wametambiana vikali". Mambo matatu yasiyo na undugu yametiwa gunia moja, na msomaji kijana, anayejifunza ngumi na kujifunza kusema kwa wakati mmoja, anaamini kuwa yote ni sehemu ya mchezo.

Kwetu mazoezini tunayatenganisha. Tambo ni mtu kusema juu yake mwenyewe: mimi ni nani, nimefanya nini, nitafanya nini kesho. Mkwara ni kitisho, maneno ya kumtia mwenzako baridi. Tusi ni tusi, hata likisemwa na mtu aliyevaa glovu.

Naanza na tambo, maana ndiyo ninayoitetea.

Tambo nzuri ina kipimo ndani yake. Cassius Clay, kabla hajaitwa Muhammad Ali, alikuwa akitaja raundi. Mwaka 1962 alisema Archie Moore, mkongwe aliyewahi kumfundisha kwa muda mfupi, ataanguka raundi ya nne. Tarehe 15 Novemba, mjini Los Angeles, Moore alianguka raundi ya nne. Miezi minne baadaye, mjini New York, Clay alisema Doug Jones atamalizwa raundi ya sita, kisha akapunguza, akasema ya nne. Jones hakumalizwa. Walikwenda raundi zote kumi, Clay akashinda kwa pointi, na ukumbi ukamzomea aliyepewa ushindi. Watu walimzomea kwa sababu alikuwa ametaja namba. Aliwapa rula wenyewe, wakampima nayo. Huo ndio ujasiri wa tambo: unasema hadharani kitu ambacho kesho yake kila aliyelipa kiingilio atajua kama ni kweli au si kweli.

Watu husema ngumi zimeharibiwa na midomo, kwamba zamani bondia alinyamaza na kupigana. Sikubaliani nao. Wanapenda kutaja methali ya kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Huenda ni kweli kwa vitu vingine. Kwa bondia chipukizi si kweli. Bondia mzuri asiyejitembeza hakai kwenye bango, asiyekaa kwenye bango hapati pambano, na asiyepata pambano hubaki kupiga begi mpaka umri umpite. Ali mwenyewe alisimulia kwamba somo hilo alilipata mwaka 1961 huko Las Vegas, alipokutana na mwanamieleka Gorgeous George, mtu wa nywele za dhahabu na majoho, aliyekuwa akijisifu mpaka watu wakamchukia, na kwa kumchukia wakajaza ukumbi wakitumaini kumwona akipigwa. Kijana yule aliona viti vimejaa, akaelewa.

Wala jambo hili hatukuletewa na Wamarekani. Wanafunzi wa fasihi simulizi wanafundishwa kivugo, ambacho pia huitwa majigambo: utungo wa mtu kujitaja mwenyewe, ushujaa wake na matendo yake, kwa nafsi ya kwanza, mbele ya watu. Wanyarwanda wana ibyivugo, na kitenzi chao kwivuga ni mtu kujisema. Wahima wa Ankole, Uganda, wana ebyevugo, hughanwa kwa kasi mpaka pumzi ikatike. Ninachokipenda katika vivugo hivyo ni kwamba shujaa hutaja mahali na hutaja wenzake waliokuwapo. Wenzake hao huenda wamekaa pale pale wakimsikiliza. Akidanganya, wapo wa kumkanusha. Na mwanzoni mwa karne ya 19, wakati Mombasa na Lamu zikielekea kupigana vita vya Shela, Muyaka bin Haji wa Mombasa na Bwana Zahidi Mngumi wa Lamu walijibizana kwa mashairi, kila mmoja akisimamia mji wake. Majibizano hayo bado yanasomwa. Sijui kama maneno ya kupima uzito ya mwaka huu yatasomwa na mtu mwaka ujao.

Kwa hiyo, Mhariri, mimi si adui wa kujigamba. Bondia wangu akiniambia anaogopa kusema atashinda, namuuliza kwa nini basi anapanda ulingoni. Namtaka aseme. Namtaka aseme raundi, na kama anaweza, aseme na ngumi atakayoitumia.

Mkwara sina mengi juu yake. Ni wa kale kama mchezo wenyewe. Kutazamana uso kwa uso, kutunisha misuli, kumwambia mwenzako aage nyumbani, yote hayo bondia mzima huyazoea baada ya mapambano machache. George Foreman alikuwa bingwa wa mkwara asiyehitaji maneno. Alipofika Kinshasa mwaka 1974 alikuwa ameshinda mapambano 40 bila kupoteza hata moja, na Joe Frazier na Ken Norton, ambao wote wawili walikuwa wamemshinda Ali, alikuwa amewaangusha kila mmoja katika raundi ya pili. Rekodi hiyo peke yake ilikuwa mkwara. Ali akajibu kwa tambo wiki nenda wiki rudi, maana pambano lilipangwa Septemba likasogezwa baada ya Foreman kuchanika juu ya jicho mazoezini. Tarehe 30 Oktoba alimwangusha raundi ya nane. Hapo hakuna aliyeumizwa kwa neno. Waliumizana kwa ngumi, na kila mmoja alikubali hilo alipotia saini mkataba.

Tusi ni jambo jingine kabisa, na hapa hata Ali simtetei.

Joe Frazier alikuwa amemsaidia Ali katika miaka ile aliyonyang'anywa leseni kwa kukataa kwenda vitani Vietnam. Alimpa fedha, na alimsemea kwa wakubwa arudishiwe kazi yake. Walipokaribia kupigana mara ya kwanza, Machi 1971, Ali alimwita Frazier kibaraka wa Wazungu. Kabla ya pambano la Manila, Oktoba 1975, alimwita sokwe, akatembea na mwanasesere wa sokwe akimpiga ngumi mbele ya waandishi. Waandishi walicheka na kuandika. Hakuna raundi iliyotajwa hapo, hakuna kitu ambacho ulingo ungeweza kukipima. Utapimaje kama mtu ni sokwe? Frazier alishinda lile la 1971 kwa pointi baada ya raundi 15, akamwangusha Ali kwa ngumi ya kushoto katika raundi ya mwisho, na bado ushindi ule haukulifuta neno. Manila walipigana mpaka kocha wa Frazier, Eddie Futch, akamzuia asitoke raundi ya 15 kwa kuwa macho yalikuwa yamevimba haoni. Frazier aliishi na uchungu wa maneno yale miongo mingi. Ali aliomba radhi kupitia gazeti la New York Times mwaka 2001, robo karne baada ya Manila. Ukiwasikiliza wazee wa ngumi, vipigo vya Manila wanavisimulia kwa heshima. Wakifika kwenye sokwe wanashusha sauti.

Paret naye. Tarehe 24 Machi 1962, Benny Paret kutoka Cuba na Emile Griffith kutoka Visiwa vya Virgin walipigana mara ya tatu kugombea mkanda, mjini New York, na televisheni ilikuwa ikionyesha moja kwa moja. Asubuhi, kwenye kupima uzito, Paret alimshika Griffith mwilini na kumtukana kwa Kihispania, neno la kumvua uanaume mbele ya watu. Griffith alitaka kupigana pale pale, wakamzuia. Raundi ya 12 alimbana Paret kwenye kona, na Paret, aliyekuwa amenaswa kati ya kamba na mlingoti, hakuanguka. Ngumi zilimwingia kichwani mfululizo mpaka refa alipoingilia kati. Hakuzinduka. Alifariki tarehe 3 Aprili, siku kumi baadaye.

Sisemi tusi ndilo lililomuua Paret. Ziliua ngumi, na refa aliyechelewa, na pengine vipigo alivyovipata katika mapambano yaliyotangulia, maana alikuwa amepigwa sana katika mwaka uliotangulia. Griffith mwenyewe alisema mpaka uzeeni kwamba hakukusudia, na ndoto za usiku ule hazikumwacha. Ninachosema ni kwamba mtu aliyetukanwa hivyo asubuhi hapandi ulingoni kama mwanamichezo. Anapanda akiwa na jambo jingine moyoni, na sisi tulioko kwenye kona hatuna sponji ya kulifuta.

Nieleze na jambo lililotokea kwenye kona yangu. Kijana wangu wa uzito wa kati alikuwa ametoka kumzika mama yake, kaburi bado bichi. Alikataa kuahirisha pambano kwa sababu alihitaji malipo. Siku ya kupima uzito mpinzani wake, kijana mwenye kipaji na mdomo mwepesi, akamwambia mbele ya vinasa sauti: "Sanda moja haitoshi kwenu, kamwambie baba yako anunue nyingine." Watu wakapiga makelele. Kijana wangu hakujibu kitu. Alishuka kwenye mzani, akavaa suruali yake, akatoka.

Kesho yake gazeti moja liliandika kwa herufi kubwa kwamba fulani amtambia fulani kwa staili ya aina yake. Kijana wangu alilisoma akiwa na bandeji mkono mmoja, mkono wa pili nimeushika mimi. Akaniuliza, "Mwalimu, hii ndiyo tambo?" Aliingia ulingoni akitafuta kuumiza. Ile ngumi ya kushoto ya kumweka mtu mbali, tuliyoifanyia mazoezi kambi nzima, hakuirusha. Alirusha mikono yote miwili kwa nguvu zake zote mpaka raundi ya nne, pumzi zikamwishia, akapoteza kwa pointi.

Baada ya pambano yule mpinzani alikuja chumbani kwetu. Alikaa chini sakafuni mbele ya kijana wangu, akamwomba msamaha akilia. Alisema maneno yale hakuyapanga. Siku ile aliambiwa na mtu wa promota: sema kitu kitakachotoka gazetini. Alikuwa amekwisha kusema atashinda raundi ya sita, na waandishi hawakuinua hata kalamu. Ndipo akatafuta kitu kikali zaidi, na alipokipata, kalamu zikaenda.

Tafadhali likae neno hilo mbele ya waandishi wako. Alitaja raundi, hawakuandika. Alitaja sanda, wakaandika, na wakaiita tambo.

Sasa yule binti.

Nina wasichana mazoezini, na kwa nidhamu ya kambi sijaona vijana wa kiume wanaowafikia. Mmoja wao, siku ya kupima uzito, aliulizwa anatarajia nini. Akajibu, "Raundi ya tano hatainuka kwenye kiti." Alisema hivyo tu, kwa utulivu, akitazama mzani. Siku hiyo hiyo, mbele ya waandishi hao hao, bondia wa kiume wa pambano kuu alisema mpinzani wake ataishia raundi ya tatu. Kesho yake mwanamume "atamba kumaliza kazi raundi ya tatu". Binti wangu "ajishaua mbele ya mpinzani".

Kujishaua! Kila msomaji wa Kiswahili anajua neno hilo linamchora mtu wa namna gani. Baba yake alinipigia simu kabla ya saa moja asubuhi akitaka kujua binti yake amefanya nini mbele za watu. Ilinibidi nimsomee maneno yake neno kwa neno, mara mbili, ndipo akaamini kuwa alikuwa amesema habari za raundi tu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe alikuwa anazungumzia kazi."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiangalia vitenzi. Wanaume katika kurasa zenu hutamba, hutunishiana misuli, hupigiana mikwara. Wanawake wakisema yale yale huambiwa wanaringa, wanajishaua, wanajishebedua, wanajifaragua, wanarushiana mipasho. Kwa mwanamume ni habari za uwezo wake. Kwa mwanamke zinageuka kuwa habari za tabia yake, na mipasho ni ya taarabu, ina heshima yake huko, si ya kupima uzito. Claressa Shields wa Marekani ana medali mbili za dhahabu za Olimpiki, London 2012 na Rio 2016, na hujiita mwanamke bora wa nyakati zote. Savannah Marshall wa Uingereza alikuwa na jibu moja tu kwake, na lilitosha: mimi peke yangu nimekushinda. Ilikuwa kweli, alimshinda kwenye mashindano ya dunia ya ridhaa nchini China mwaka 2012. Tambo zao hizo mbili, kila moja ikiwa na ushahidi wake, ziliujaza ukumbi wa O2 mjini London tarehe 15 Oktoba 2022, usiku ambao mapambano yote yalikuwa ya wanawake. Shields alishinda kwa pointi za majaji wote. Hapo nani alijishaua? Walitamba, wakapimwa, mmoja akashinda.

Binti wangu naye alishinda, kwa pointi. Mpinzani wake aliinuka kwenye kiti raundi ya tano, na ya sita, mpaka ya mwisho. Binti alipohojiwa, kabla hajashukuru mtu yeyote, alisema, "Nilisema tano, sikutimiza. Mwenzangu ni mgumu kuliko nilivyodhani." Nilikuwa nimesimama nyuma yake na taulo. Katika miaka yangu yote ya kona sijasikia maneno yaliyonipa fahari kama hayo. Hayakuandikwa popote.

Lugha yetu haina upungufu wa maneno ya jambo hili. Tuna kujigamba, kujitapa, kujinaki, kujisifu, kujivuna, kujidai, kujikweza, kujitutumua, na kila moja lina mtu wake. Anayejitutumua ni yule anayejikuza kupita alivyo, nguvu hana, anaomba aonekane anazo. Anayejikweza amejipandisha mahali ambapo hakupandishwa. Anayejinaki utamkuta zaidi kwenye mashairi. Kati ya kujivuna na kujivunia tofauti ni irabu moja tu, lakini wa kwanza anadharau watu na wa pili ana jambo alilolifanya. Mwandishi akiandika kuwa bingwa "anajivuna" kwa mkanda wake wakati anajivunia mkanda wake, amemtukana bila kujua, na mama wa bingwa huyo atasoma.

Vitenzi karibu vyote hivyo vina -ji- ndani yake, mtu anajitendea mwenyewe, hata akiwa peke yake mbele ya kioo. Kutamba hakuna -ji-. Kutamba hutaka mtu wa kutambiwa. Fanani hutamba hadithi kwa sababu kuna wanaomsikiliza, na mabondia hutambiana kwa sababu kila mmoja ana mwenzake wa kumjibu. Ndiyo maana nalipenda neno hili na nisingependa liharibike. Likishazoeleka kuwa ni jina jingine la matusi, kijana mwenye adabu ataogopa kutamba, na ulingo utabakiwa na wasio na adabu.

Kuna na tatizo dogo la vichwa vya habari ambalo nalitaja kwa kifupi. "Fulani atamba" inaweza kumaanisha ameshinda, na inaweza kumaanisha amesema atashinda. Vijana wangu wamewahi kubishana chumba kizima juu ya pambano la ugenini, wengine wakiamini limekwisha na matokeo ni hayo, kumbe ndiyo kwanza watu wanapima uzito. Kama ameshinda, andikeni ameshinda.

Ombi langu kwa dawati la michezo ni hili. Bondia akisema juu yake mwenyewe, awe mwanamume au mwanamke, andikeni ametamba, na maneno yake yawekwe yalivyo pamoja na raundi aliyoitaja. Akitisha, andikeni ametisha, au amepiga mkwara, neno hilo kila msomaji analielewa. Akitukana, andikeni ametukana, kwenye mwili wa habari, si kwenye kichwa cha habari, na tusi lenyewe lisichapwe. Halafu baada ya pambano mrudieni yule aliyetaja raundi mwandike ilikuwaje: alitimiza au hakutimiza. Habari hiyo ya pili siioni kamwe, nami naamini wasomaji wangeipenda, kwa kuwa ndiyo inayomfanya mtu afikiri kabla ya kutaja namba.

Najua utaniambia promota ndiye anayelipia tangazo na ndiye anayetaka kelele. Ni kweli, na sina uwezo naye. Lakini promota hachagui kitenzi. Kitenzi kinachaguliwa mezani kwako.

Mwisho wa wiki ijayo nina vijana wanaopima uzito, na yule binti ni mmojawapo. Mpinzani wake ameshatangaza kwamba atammaliza raundi ya tatu kwa ngumi ya mbavu, na binti wangu amejibu kwamba mbavu hizo atazikuta zimefunikwa na kiwiko, na kwamba yeye anaitaka raundi ya saba. Mtume mwandishi wako aje mapema, kabla watu wa promota hawajafika, awaulize wote wawili na kuandika wanavyosema. Nitamwekea kiti karibu na mzani.

Wako,
Kocha wa ngumi na msomaji wenu wa miaka mingi